Herufi Iliyokosa Kofia

Usiku ule Mama Thoa hakulala. Alikaa kwenye kigoda mbele ya kompyuta, mikono ameiweka mapajani kama mtu aliyekuja kuomba kazi, akingoja barua ya bintiye. Kila baada ya muda alibofya pale alipofundishwa kubofya. Ukurasa ulijifuta, ukajiandika upya polepole, na kisanduku cha barua kikabaki vilevile: barua moja tu, ya wiki mbili zilizopita, ambayo alikwisha kuikariri.

Nyuma ya pazia mumewe, Khoát, alikuwa anakoroma, na mkoromo ule ulikuwa wa kumshukuru Mungu. Siku sita nzima homa ya mbu ilimchemsha hadi akaanza kuzungumza na marehemu mama yake, akimuuliza nani amefungua zizi la bata. Adhuhuri ya siku hiyo, Alhamisi, jasho lilimtoka, ngozi ikapoa, akaomba uji.

Mkoromo ulikatika. "Mama Thoa. Bado uko na hilo dude?"

"Lala."

"Lizime. Linakula umeme."

"Nikizima, Thoa akijibu nitajuaje?"

"Atajibu kesho. Kwani barua inaoza?"

Alibofya tena. Mwanamume aliyetoka kuugua ana ruhusa ya kusema ovyo kwa siku mbili tatu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Thoa, mtoto wao wa pekee, alikuwa na miezi mitano Hà Nội, kwenye chuo kinachowaandaa wasichana kwenda kushona nguo Ujapani. Jumamosi asubuhi waajiri wangekuja kuwatahini na kuchagua kumi na wawili kati ya arobaini. Sheria ya chuo haikuwa na mjadala: anayetoka langoni bila ruhusa wiki ya uchaguzi, jina linakatwa. Simu za mkononi zilifungiwa kabatini Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili iliyopita Thoa alipiga simu nyumbani, akasikia baba anaweweseka kitandani.

"Mama, baba akizidi nakuja."

"Usithubutu. Homa tu hiyo, kila mtu hapa anayo."

"Basi uniambie ukweli. Ukinificha nakuja. Alhamisi jioni tuna somo la kompyuta, niandikie barua pepe, niione kwa macho yangu."

Ndiyo maana aliandika. Angeweza kupiga simu ofisini kwao, lakini alijua kwamba katikati ya wiki mwanafunzi huitwa kwenye simu kwa jambo moja tu, nalo ni msiba. Thoa angepasuka moyo kabla hajafika kwenye simu. Barua ni kitu cha upole, alijiambia. Barua haimshtui mtu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa na miezi sita pale nyumbani. Mdogo wake Khoát aliitoa ofisini kwake Hà Nội, walikokuwa wanabadilisha za zamani, akaileta kijijini kwao Nga Sơn juu ya paa la basi, imefungwa ndani ya blanketi. Waliiweka karibu na kabati la madhabahu ya mababu kwa sababu ndipo penye soketi ya umeme inayoaminika. Mama Thoa aliishonea kifuniko cha kitambaa cha maua. Wiki mbili za kwanza hakuigusa ila kuipangusa vumbi.

Thoa alimfundisha jioni tatu kabla ya kuondoka.

"Shika kipanya, mama. Kwa mkono mmoja! Huyo si kuku."

"Anateleza."

"Mwache ateleze. Tazama mshale kwenye kioo, usitazame mkono."

Mama Thoa alitazama mshale. Mshale ulikwenda kulia, ukaendelea kwenda kulia, na kipanya kikafika ukingoni mwa meza. Akakishikilia pale, mkono umekakamaa.

"Sasa?"

"Endelea."

"Meza imeisha."

Thoa alicheka hadi akakaa chini. Khoát alikuja kutoka uani kuuliza kuna nini, naye akacheka, na kwa mwezi mzima kila alipoombwa kazi asiyoitaka alijibu: "Siwezi, meza imeisha."

"Unamwinua, mama. Unamwinua, unamrudisha katikati, unaendelea."

Mwanamke aliyefuma mikeka ya matete tangu ana miaka tisa, ambaye vidole vyake huona kosa kwenye ufumaji kabla ya macho, alijifunza kuinua kipanya na kukirudisha katikati ya meza. Aliyaandika yote kwenye daftari. Shule aliiachia darasa la saba, mwandiko wake ni wa duara na wa pole. *Bonyeza kitufe kikubwa mara moja. Usibonyeze tena hata kama hakuna kitu. Ngoja. Kubofya mara mbili ni haraka kama kubisha hodi, si kama kuhesabu. Ukitaka kwenda intaneti, kwanza hakikisha hakuna mtu anayezungumza kwenye simu. Italia kama paka. Ni kawaida.*

Alhamisi ile saa tisa alasiri, Khoát akiwa amekwisha kunywa uji, alifunua kile kitambaa cha maua akafuata daftari mstari kwa mstari. Mashine ililia kama paka. Ukurasa wa barua ulifunguka. Alishukuru, akanawa mikono, akaanza kuandika.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Katika maandishi yetu ya Kivietinamu herufi haziendi kichwa wazi. Nyingine huvaa kofia, nyingine hubebeshwa kistari, nyingine hukanyaga nukta, na kwa kalamu hata mtoto wa darasa la kwanza huziweka bila kufikiri. Kwa kompyuta Thoa alimwonyesha njia: unaandika neno, unaongeza herufi fulani mwishoni, na mashine inaigeuza yenyewe kuwa kistari. Siku hiyo mashine haikugeuza chochote. Alitaka kuandika kwamba baba amepoa, na kwenye kioo pakatokea *Boos mats rooif*.

"Lugha gani hii?" aliuliza kwa sauti.

"Nini?" Khoát alijibu kutoka kitandani.

"Si wewe."

Alifuta, akaandika tena. Ikatoka vilevile. Alizima mashine, akaiwasha, akangoja, paka akalia upya. Vilevile. Saa ilikuwa inakimbilia kumi, na saa kumi na moja Thoa angeingia darasani. Mama Thoa aliona aibu kwa niaba ya mwanawe: wenzake wangechungulia kioo na kuona mama yake ameandika kama mlevi. Basi akaziondoa zile herufi za ziada, moja baada ya moja, yakabaki maneno matupu:

*Bo mat roi. Con dung ve. Thi cho tot.*

Baba amepoa. Mwanangu usije. Fanya vizuri mtihani. Aliyasoma kwa sauti, na kwa sauti yalikuwa sahihi kabisa. Sauti ya kila neno ilipanda pale inapopanda na kushuka pale inaposhuka, kwa sababu aliyekuwa anasoma ni yeye aliyeyaandika. Akabofya kutuma. Jasho lilikuwa limemlowesha mgongo kama mtu aliyekata matete kutwa.

Jibu halikuja saa kumi na moja, wala saa moja, wala saa tatu. Hakuthubutu kukata intaneti. Alihofia kwamba akiikata, jibu litafika likute mlango umefungwa, lirudi lilikotoka. Akaiacha imeunganishwa. Mvua ilinyesha, mashine ikavuma, naye akaketi hapo akiwaza kila baya: Thoa amekasirika, Thoa ameugua naye, Thoa amepotea njia. Karibu na alfajiri kichwa kilianguka juu ya kibodi na shavu lake likaandika mstari mrefu wa herufi moja.

Aliamshwa na sauti ya Khoát uani. Mgonjwa alikuwa ametoka peke yake, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa iliyopita, amechuchumaa kando ya mtungi anapiga mswaki, koti la mvua begani.

"Baba?"

Sauti ilitoka langoni. Mama Thoa alifika mlangoni akamwona bintiye amesimama nje ya wigo, amelowa hadi viatu, kitambaa cheupe cha msiba kimefungwa kichwani. Mkononi ana mfuko wenye uvumba.

Khoát alitema povu. "Umefuata nini huku? Mama yako hakukuandikia?"

"Aliniandikia," Thoa alisema, akakaa chini kwenye matope.

Ilichukua muda kuelewana, kwa sababu Thoa alikuwa analia na kumpapasa baba yake mikono, na Khoát alikuwa anamwambia aache, nguo zake zinamlowesha. Kisha Thoa alikivua kile kitambaa cheupe kichwani, akaingia ndani, akasimama mbele ya kompyuta iliyokuwa bado inavuma, akafungua barua ya mama yake.

"Soma, mama."

"Baba amepoa. Mwanangu usije."

"Umeandika wapi kwamba amepoa?"

Mama Thoa aliweka kidole kwenye neno *mat*.

Thoa alichukua kalamu na lile daftari. Aliandika neno hilo mara mbili. La kwanza akalitia kistari juu ya herufi ya katikati. "Hili ni kupoa." La pili akalivika kofia kwanza, kisha kistari juu ya kofia. "Hili ni kupotea, ni kufariki pia. Wewe hukuweka lolote. Mimi nimekaa siku tano nangoja habari ya mgonjwa, mama. Ningesoma lipi?"

Baba amefariki. Mwanangu usije. Fanya vizuri mtihani. Mama Thoa aliyasoma vile bintiye alivyoyasoma.

"Nikasema, mama gani huyu?" Thoa alisema. "Baba hajazikwa, yeye anataka nikafanye mtihani."

"Kwa nini hukupiga simu?"

"Nimepiga mara kumi na moja! Kibanda cha njiani, kituo cha basi, mjini Ninh Bình tuliposimama. Simu yenu inatoa tuu-tuu-tuu. Nikajua nyumba imejaa watu, wajomba wanapigiana kupanga mazishi."

Mlango wa jirani ulibamizwa, na Xuyến, fundi cherehani wa ng'ambo ya njia, akaja mbio na nywele hazijafungwa. "Dada, nimesikia kilio! Kaka ametutoka?" Akamwona Khoát anakunywa chai. "Ah. Habari za asubuhi, kaka."

"Bado nipo," alisema Khoát.

"Nimewapigia jana usiku kucha kuulizia, simu inalia tuu-tuu tu. Nikasema hawa wameiweka vibaya."

Mama Thoa aligeuka akautazama waya uliotoka kwenye simu ukaingia nyuma ya kompyuta. Kwenye daftari lake aliandika kwamba usiende intaneti mtu akiwa kwenye simu. Hakuandika kwamba ukiwa intaneti, hakuna mtu duniani anayeweza kukufikia kwa simu. Alidhani hilo lingemhusu yeye tu, kwamba asipige. Alinyoosha mkono akauchomoa waya.

Xuyến alipoelezwa alicheka hadi akashika mlango. Khoát naye alicheka, akakohoa. Mama Thoa hakucheka, maana alikuwa anamtazama mwanawe, na mwanawe hakucheka.

"Ulipewa ruhusa?" alimuuliza.

"Mkurugenzi alikuwa ameondoka. Mlinzi alikataa. Nikamwambia baba amefariki, akaniambia niandike kwenye daftari la lango, niweke sahihi." Thoa alifuta pua kwa kiganja. "Nimeandika, mama. Nimeweka sahihi yangu kwamba baba amefariki."

Kicheko kilikwisha chumbani. Kila mtu aliona jambo lilivyokaa. Kutoka bila ruhusa ni kosa. Kumzulia baba yako kifo ili utoke ni uchafu, na mtu wa namna hiyo hapelekwi kwa watu.

"Nitakwenda mwenyewe," Khoát alisema. "Wanione."

"Wakikuona mzima ndiyo watasema alidanganya," alijibu mkewe. Alikuwa tayari anatafuta viatu. "Xuyến, mdogo wangu, mpe uji mchana. Usimpe pombe hata akikuambia daktari ameagiza."

Kwenye basi la saa mbili Thoa alilala, kichwa kimemwegemea mama yake. Mama Thoa hakuweza. Mwili wote ulimuuma kwa usiku wa kukaa kigodani, macho yalikuwa na mchanga, lakini kila alipoyafumba aliona yale maneno matatu yamesimama kichwa wazi kwenye kioo. Miezi mitano. Mtoto alikuwa anaamka saa kumi kujifunza kuhesabu kwa lugha ya watu. Na yeye, kwa saa moja ya kubofya, akaivuruga yote.

Ofisi za chuo zilikuwa ghorofa ya tatu. Nje ya mlango wa mkurugenzi palikuwa na benchi, meza ya karani, na ubaoni karatasi yenye majina arobaini. La Thoa lilikuwa la thelathini na moja. Limepitishiwa mstari. Mama Thoa alisogea karibu hadi pua ikagusa karatasi, akaona ni mstari wa penseli.

Karani alikuwa mwanamume wa makamo, ana chupa ya chai miguuni na mafua.

"Poleni na msiba," alisema bila kuinua macho.

"Hakuna msiba," alisema Mama Thoa.

Hapo akainua macho.

Alimweleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi kwenye homa, akiingia kwenye waya wa simu. Karani alimsikiliza hadi mwisho, akapenga kamasi.

"Mama, nisikilize. Hapa kila mwezi bibi wa mtu anafariki. Tulikuwa na msichana bibi yake alifariki mara tatu, mara ya tatu bibi mwenyewe akaja kumletea ndizi. Huyu binti ameandika baba amefariki, wewe unasema amekula mabakuli mawili ya uji. Mimi nitamwambia nini mkurugenzi?"

"Mwambie kosa ni la mama yake. Mama yake hajui kompyuta."

"Hilo si la kuandika kwenye faili."

"Nipe karatasi."

Alimpa. Mama Thoa aliandika yale maneno matatu kwa mkono wake wa duara, bila kofia, bila kistari, kama alivyoyaandika kwenye mashine. *Bo mat roi.* Akaigeuza karatasi imwelekee karani.

"Wewe umesoma kuliko mimi. Soma."

Karani alitazama. "Ng'ombe amepotea," alisema.

"Ng'ombe?" Mama Thoa aliuliza.

"Ndiyo. *Bo*, kistari cha kushuka, ng'ombe. Ng'ombe amepotea. Siyo?" Aliitazama tena karatasi, kisha akamtazama Thoa, masikio yakaanza kumwiva. "Nyumbani kwetu tulifuga."

Thoa alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Mabega yalianza kumtikisika, na mama yake hakujua kama ni kicheko au ni lile jingine.

"Kwangu mimi ni baba amepoa," alisema Mama Thoa. "Kwa huyu ni baba amefariki. Kwako ng'ombe. Na barua yenyewe ipo, iko kwenye kompyuta zenu humu ndani, imeandikwa jana, mtu aende akaitazame. Siombi mumsamehe aliyedanganya. Naomba mwone kwamba hakudanganya."

Karani alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akakisogeza mbele ya Mama Thoa. Kisha karani aliandika maana zote tatu chini ya yale maneno, akaichukua karatasi, akabisha mlango wa mkurugenzi, akaingia, akaufunga nyuma yake.

Waliketi kwenye benchi. Kutoka darasa la chini zilipanda sauti za wasichana wakihesabu kwa pamoja, moja hadi mia, wakikosea sabini, wakianza upya. Midomo ya Thoa iliwafuata bila sauti. Mama Thoa alilitoa tope lililokauka kwenye kola ya mwanawe, kipande kwa kipande, akakitia kila kipande mfukoni asichafue sakafu ya watu. Walihesabu mia mara tatu.

"Mama," Thoa alinong'ona, "wakikataa?"

"Wakikataa tunarudi, unafuma mikeka."

"Na kompyuta?"

"Sitaki kuisikia leo."

Kitasa kilizunguka. Mlango ulifunguka kiasi cha kupita kichwa cha karani, mafua yake na yote, na nyuma yake ikasikika sauti ya mkurugenzi, mwanamke aliyechoka kama wao.

"Yule ambaye baba yake amepoa, aingie. Mama yake abaki hapo nje amalize chai."

Karani akausukuma mlango mpaka ukutani.